Tiki Moja na Hesabu za Kikoba

Nyumbani kwetu kompyuta ni moja, na wenye amri juu yake ni watano. Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba, kwa hiyo neno lake ndilo la kwanza na la mwisho: hisa za akina mama, mikopo, faini za uchelewaji na mfuko wa jamii vyote vimo mle, kwenye jedwali la LibreOffice ambalo hata malaika hana ruhusa ya kuligusa. Kijana wetu mkubwa yuko chuo, anasomea mitandao, na hajawahi kukutana na kitu kinachofanya kazi vizuri akakiacha kiendelee kufanya kazi vizuri. Binti yuko kidato cha tatu, na kazi zake za shule siku hizi zote zinahitaji intaneti na vipokea sauti masikioni. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuja kutoka Tanga kwa siku mbili tatu kufuatilia cheti. Cheti kilishatoka, yeye bado yupo. Wa tano ni mimi, niliyetoa hela.

Mashine yenyewe ni mpakato wa mtumba, diski ya gigabaiti 500 ya aina ile inayozunguka, betri ilishakata roho siku nyingi, inaishi kwa waya wa ukutani. Ilikuja na Windows iliyochoka. Kijana akaifuta, akasimika Linux Mint, akamfungulia kila mtu akaunti yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama yake akifungua hesabu bila kusonya.

Mint huja na programu inayoitwa Timeshift. Aliyeiandika ni Tony George. Watu wa Mint wakaipenda, wakaiweka ndani ya mfumo wao kuanzia toleo la 18.3 mwaka 2017, na mwaka 2022 wakaichukua kabisa waitunze wenyewe. Kazi yake ni kupiga picha ya mfumo, yaani keneli, draiva, programu na mipangilio yake, na kuiweka kwa tarehe ili siku mambo yakiharibika urudi nyuma. Mafaili ya watumiaji haiyagusi, isipokuwa mtu aiambie. Kwenye diski ya kawaida ya ext4 inatumia rsync, chombo cha mwaka 1996 cha Waaustralia wawili, Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Picha ya kwanza inakula nafasi sawa na mfumo wenyewe. Zinazofuata hazinakili upya faili ambalo halikubadilika. Zinaongeza jina tu linaloelekea kwenye data ileile iliyokuwepo. Ndiyo maana unaweza kuwa na picha kumi na diski isilalamike. Isipolalamika, lakini, ni kwa sababu hujaishi na shemeji yangu.

Jumamosi moja jioni kijana alikubali masasisho yote kwa mkupuo, pamoja na keneli mpya na draiva ya kadi ya picha. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa, ikatoa nembo ya Mint, kisha giza. Si giza la umeme kukatika, hilo tumelizoea. Skrini ilikuwa inawaka lakini haina kitu. Kesho yake kulikuwa na kikao cha kikoba. Mke wangu hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mwanangu, hesabu zangu ziko wapi?" Binti akachukua vitabu vyake akahamia chumbani.

Kijana alichomeka flashi yenye Mint, akaiwasha mashine kutokea kwenye flashi, akafungua Timeshift iliyomo humohumo, akaielekeza kwenye diski yetu. Picha zikajipanga kwa tarehe na saa. Akachagua ya asubuhi ile, akabonyeza kurejesha. Mistari ikapita kwa kasi isiyosomeka, mashine ikajiwasha upya, na jedwali la kikoba likafunguka bila shilingi kupungua. Mama yake alimkaangia mayai usiku uleule.

Kuanzia siku hiyo mke wangu aliamini kwamba kompyuta yake inaweza kurudi jana. Aliwaambia na wenzake wa kikoba. Ukweli ni kwamba hesabu zake hazikurejeshwa na mtu yeyote usiku ule. Hazikuguswa tangu mwanzo, zilikuwa zimelala kwenye folda yake zikisubiri mfumo uamke. Kijana alijua hivyo. Lakini mtu anayekula mayai ya sifa hamkatizi anayemsifu.

Meza ya chakula ikageuka ukumbi wa siasa. Kijana alikuwa ameona openSUSE kwa rafiki yake chuoni, akarudi na mahubiri ya Snapper. Hii ilitengenezwa na watu wa SUSE, ikaingia openSUSE ya 12.1 mwaka 2011, na makazi yake hasa ni Btrfs, mfumo wa mafaili ulioanzishwa na Chris Mason alipokuwa Oracle mwaka 2007. Ndani ya Btrfs data mpya haiandikwi juu ya ya zamani. Inaandikwa pembeni, na ya zamani inabaki maadamu kuna picha inayoishikilia. Kwa hiyo kupiga picha ni kufumba na kufumbua. Halafu Snapper haingoji ratiba. Ukiweka au kuondoa programu kwa zypper au YaST, inapiga moja kabla na moja baada, inazipa namba, na unaweza kuiuliza kati ya namba hii na ile ni mafaili gani yalibadilika. Mfumo ukigoma kuwaka, kwenye menyu ya GRUB unachagua picha ya zamani, unaingia humo kwa kusoma tu, ukiona kumekaa sawa unaandika snapper rollback na maisha yanaendelea. Flashi haihitajiki.

"Na hiyo Btrfs, sisi tunayo?" mama yake akauliza.

"Hatuna, mama. Itabidi nisimike mfumo upya."

"Basi kula."

Shemeji naye alikuwa na dini yake. Aliwahi kufanya kazi stesheneri moja huko Tanga, na kila kompyuta ya pale ikiharibika walikuwa hawahangaiki kutafuta ugonjwa; wanachomeka flashi ya Clonezilla, wanamwaga picha nzima ya diski, baada ya muda mashine imerudi kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Clonezilla ni ya Taiwan, ya kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa, NCHC. Ndani yake kuna Partclone, inayosoma ramani ya patisheni na kunakili sehemu zilizotumika tu, ziwe za Linux au za Windows. "Hizi zenu za kuchagua faili hili na lile ni za watoto," alisema, akimimina mchuzi. "Mwizi akiibeba hiyo kompyuta, picha zenu ataondoka nazo humohumo."

Nilimkubalia kimoyomoyo, ingawa kumkubalia shemeji hadharani ni kumwongezea muda wa kukaa. Picha za Timeshift kwetu zilikuwa kwenye diski ileile ya mfumo. Za Snapper ndivyo zilivyo kwa kawaida. Diski ikifa, zinakufa pamoja. Wale wawili walibishana hadi ugali ukapoa, na kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Snapper inamjibu aliyeharibu mfumo dakika tano zilizopita. Clonezilla inamjibu ambaye diski yake imekufa au imeibwa. Swali la mke wangu, la hesabu zilizobadilika jana jioni, hakuna aliyekuwa amelijibu, na hakuna aliyeligundua.

Huku nyuma shemeji alikuwa na mambo yake. Alitaka mahali pa kuweka sinema ambapo dada yake hatapaona, na folda za watumiaji zote dada yake anazikagua. Akalipata neno la siri la kijana kwa njia ambayo binti anaijua na ambayo iligharimu soda mbili, akatengeneza folda nje kabisa ya maeneo ya watumiaji, pembeni mwa folda za mfumo, akaiita "kazi". Humo akamwaga tamthilia za Kituruki, msimu baada ya msimu.

Timeshift haijui tamthilia. Kwake kilicho nje ya folda za watumiaji ni mfumo, na mfumo unapigwa picha. Kila kipindi kikawa kinanakiliwa kwenye picha za kila siku. Shemeji alipoona nafasi inakwisha akafanya uungwana, akafuta misimu yote aliyokwisha kuitazama. Nafasi ilirudi nusu tu. Akafuta na ambayo hajaitazama, kwa uchungu, na bado haikurudi yote, kwa sababu kila kilichofutwa kwenye folda ya kazi kilikuwa na nakala yake kwenye picha za jana na juzi. Akamwaga misimu mipya palepale, na asubuhi moja mke wangu akaandika neno lake la siri, skrini ikazima kidogo, ikamrudisha palepale pa kuandika neno la siri. Akaandika tena. Ikamrudisha tena. Patisheni ya mfumo ikijaa hadi pomoni, eneo la kazi linakosa pa kuandikia hata vifaili vyake vidogo, na ndivyo linavyolalamika.

Kijana alibonyeza Ctrl, Alt na F3, akaingia kwa maandishi matupu, akapima folda moja moja mpaka akaifikia "kazi". Akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama dari. Zilifutwa picha za zamani zote, nafasi ikarudi, na kijana kwa tahadhari akabadili ratiba ya Timeshift: badala ya picha ya kila siku, moja tu kwa wiki, ambayo ikaangukia alfajiri ya Jumapili. Naomba msomaji aikumbuke Jumapili hiyo.

Ili kufuta aibu, shemeji akajitolea kupiga picha ya diski nzima kwa Clonezilla, kwenye diski ya nje aliyokuja nayo. Ilikuwa usiku, watoto wamekaa kwenye mkeka wanatazama kama wanavyotazama mpira. Clonezilla haina madoido. Ni skrini za maandishi, mishale ya juu na chini, na diski mbili zinazotajwa kwa majina ya kutisha, sda na sdb. Ikamuuliza picha itawekwa wapi, akaonyesha diski ya nje. Ikamletea orodha: savedisk, saveparts, restoredisk, restoreparts. Kwenye ile diski ya nje kulikuwa na picha ya kompyuta moja ya kule stesheneri, ndiyo maana mistari ya kurejesha nayo ilijitokeza. Kidole cha shemeji kilishuka mistari miwili zaidi ya ilivyopasa, huku yeye akitueleza jinsi alivyokuwa akifanya kazi hii amefumba macho. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Skrini ikaandika onyo kwamba data iliyomo kwenye sda itafutwa, na swali: y au n?

Mke wangu hajui Kiingereza cha kompyuta, ila tarakimu anazijua kuliko sisi sote. "Subiri," alisema. "Hiyo ya mia tano si ndiyo yetu?"

"Ndiyo, dada."

"Na tunapotoa, au tunapoweka?"

Shemeji akasoma upya. Ukimya ule ulikuwa mzito. Akabonyeza n, akajikohoza, akasema alikuwa anatujaribu. Clonezilla huuliza mara mbili kabla ya kuandika juu ya diski, na nawashukuru Wataiwani kwa hilo, lakini maswali mawili hayamtoshi mtu anayejibu y kwa mazoea.

Safari ya pili alichagua savedisk. Partclone ikaanza kuhesabu asilimia, muda uliotumika, muda uliobaki. Ilipokuwa imepita themanini, nyumba nzima ikawa giza. Hili sasa lilikuwa giza la kawaida: Luku imeisha. Betri nayo tulishaizika. Binti akapiga yowe akidhani hesabu za mama zimekwenda, na hapo shemeji, kwa haki yake, alitulia kuliko wote. Akaeleza kwamba wakati wa kuhifadhi Clonezilla inasoma tu diski yetu, haiandiki kitu juu yake. Kilichoharibika ni ile picha ya nusu kwenye diski ya nje, inafutwa na kuanza upya. Tuliponunua umeme mashine ikawaka salama. Kesho yake kazi ilikamilika, na kompyuta ilibaki mikononi mwake muda wote huo, kwa sababu Clonezilla inataka mfumo uwe umezimwa. Ndiyo gharama yake kwa nyumba yenye kompyuta moja: huwezi kuifanya kila siku, na ukirejesha unarejesha yote kama yalivyokuwa, kwenye diski isiyo ndogo kuliko ya mwanzo.

Tufike sasa kwenye tiki.

Binti alifuta kazi yake ya jiografia. Akamwendea kaka yake: "Si umesema Timeshift inarudisha?" Kaka akatafuta kwenye picha, akakuta folda za watumiaji hazimo. Akaona huruma. Kwenye mipangilio ya Timeshift kuna sehemu ya watumiaji, kila akaunti na uchaguzi wake: usichukue kitu, chukua mafaili yaliyofichwa tu, au chukua yote. Kijana akaweka tiki kwenye "yote", kwa akaunti zote, ili siku nyingine asilie mtu. Alifanya kwa nia njema kabisa, na hakumwambia mtu.

Baada ya wiki chache, Jumamosi usiku, alisimika draiva ya kifaa kipya cha Wi-Fi kilichochomekwa kwenye USB. Mfumo ukagoma kuwaka. Safari hii hakuna aliyeshtuka, tulikuwa wazoefu. Flashi, Timeshift, chagua picha, rejesha. Picha ya karibuni ilikuwa ya Jumapili iliyopita alfajiri. Mashine ikawaka, tukalala.

Jumapili mchana akina mama wakakusanyika sebuleni kwetu. Sanduku la kikoba likaletwa, wale watatu wenye funguo wakafungua kufuli zao tatu, mwenyekiti akasoma dua, mke wangu akafungua kompyuta asome hesabu za wiki. Mimi nilikuwa barazani na gazeti, nasikia.

"Mama wa genge, hisa za Jumapili iliyopita hukuleta."

"Nimeleta! Tano. Umenigongea muhuri mwenyewe."

"Na fundi cherehani, rejesho la mkopo..."

"Nilikutumia kwa simu Jumatano, ukanijibu 'nimeiona, asante'."

Kimya. Kisha sauti ya mwenyekiti, ya taratibu, ambayo ndiyo mbaya kuliko kelele: "Mweka hazina, hizi hesabu ni za lini?"

Jedwali lilikuwa limerudi Jumapili alfajiri, saa kadhaa kabla ya kikao kilichopita. Hisa zilizonunuliwa siku ile, marejesho ya katikati ya wiki, faini ya mama mmoja aliyechelewa na kuapa hatalipa kisha akalipa, vyote vilikuwa vimeyeyuka. Timeshift ilifanya kile ilichoagizwa: irejeshe mfumo na folda za watumiaji kama zilivyokuwa kwenye picha. Faili jipya likaondolewa, la zamani likawekwa mahali pake. Na kwa kuwa tulitumia njia ya rsync, hakukuwa na picha ya kabla ya kurejesha. Kijana baadaye alijitetea kwamba kwa njia ya Btrfs Timeshift yenyewe huiweka kando hali uliyoiacha, unaweza kuifuata tena. "Kama tungekuwa na Btrfs..." alianza. Mama yake akamwambia neno "kama" halinunui hisa.

Kilichookoa heshima ya nyumba yetu ni karatasi. Kila mwanachama ana kijitabu chake kinachogongwa muhuri kwa kila hisa. Katibu ana daftari. Simu ya mke wangu ina ujumbe wa kila malipo. Akina mama walikaa mpaka magharibi, kijitabu kimoja kimoja, wakisomeana, kijana akiandika kwenye jedwali kwa adabu ambayo sijaiona kwake tangu alipobalehe. Usiku alijaribu pia PhotoRec, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier, inayochimba diski kutafuta mafaili yaliyofutwa. Aliiendesha kutoka kwenye flashi ili asiandike juu ya alichokitafuta. Ikarudi na mamia ya mafaili yasiyo na majina yake, herufi f na tarakimu tu. Majedwali yaliyopatikana yalikuwa ya miezi ya nyuma. Vipande vya tamthilia za Kituruki vilipatikana vingi na vizima kabisa.

Kikao cha familia kilifanyika Jumatatu. Mke wangu ndiye aliyekiongoza, na kwa mara ya kwanza tangu ubishi uanze mtu aliuliza swali linalofaa: "Kila mmoja aniambie chombo chake kinaniokoa na nini, na kinaniacha wapi." Kijana akakiri kwamba Snapper ni nzuri kwake chuoni, na kwamba openSUSE wenyewe huziweka folda za watumiaji nje ya picha za mfumo, pamoja na /var, ili kurudisha mfumo nyuma kusirudishe nyuma barua na hesabu za watu. Alilisema hilo polepole. Shemeji akakiri kwamba picha ya Clonezilla ya mwezi uliopita ingetupa kompyuta ya mwezi uliopita.

Kumbe mafaili yanayobadilika kila siku yana vyombo vyake. Tulibaki na viwili mezani. Borg ilizaliwa mwaka 2015 kutoka kwenye mradi mwingine ulioitwa Attic: inakata data vipande, kipande kinachojirudia inakitunza mara moja, inabana na kufunga kwa siri. Restic, ya Mjerumani Alexander Neumann, inafanya karibu hayohayo, na inapeleka moja kwa moja kwenye hifadhi za mtandaoni, na inakubali hata Windows; kijana aliipendelea hiyo. Mama yake akauliza, "Mtandaoni kwa bando la nani?" Ikachaguliwa Borg, kwa kupitia Pika Backup, ambayo ina dirisha na vitufe na haimlazimu mtu kuandika amri.

Vyote viwili vina sharti moja gumu: ukipoteza neno la siri, umepoteza kila kitu, na hakuna ofisi ya kwenda kulilia. Shemeji akapendekeza tusiweke neno gumu. Mke wangu akakataa. Akafanya kama sanduku la kikoba: neno limekatwa vipande vitatu, kipande kwake, kipande kwangu, kipande kwa bibi, mama yangu, kule Mbagala, kimeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki. Binti hakupewa. Bei yake inajulikana, ni soda mbili.

Diski za nje sasa ni mbili zinazopokezana. Moja iko nyumbani, nyingine iko kwa bibi, na zinabadilishana tunapokwenda kumsalimia. Kabla hajaukubali mpango huo, mke wangu alimwamuru kijana ahamishe jedwali la kikoba mbele ya macho yake, alitoe kwenye folda kabisa, kisha alirudishe kutoka Borg lile la jana na lile la juzi, yote mawili, ayaone kando kwa kando. Pika ikazifungua nakala kama folda za kawaida, akachagua, likaja. Akahesabu safu ya mwisho kwa kidole. Zikalingana na daftari la katibu. Hakukaanga mayai, lakini alisema "haya."

Timeshift haikufukuzwa. Bado ipo, imerudi kupiga picha kila siku, na masasisho ya kijana yameshaiangusha kompyuta tena na ikainuka bila hesabu kuguswa. Kwa nyumba yenye Mint na fundi mmoja wa nusu-nusu, sijaona iliyo rahisi zaidi. Clonezilla inatolewa kabatini mara chache, baada ya mabadiliko makubwa, na mke wangu husimama nyuma ya kiti kusoma tarakimu. Ukiwa na nafasi ya kusimika upya na unapenda kuchokonoa mfumo, nenda Btrfs na Snapper, utamwelewa kijana wangu. Kwa hesabu, picha za harusi na kazi za shule, tumia Borg au restic, na nakala moja ilale nyumba nyingine.

Na wewe mwenye Mint nyumbani, kabla hujalala leo fungua Timeshift, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya watumiaji, uangalie nani ameweka tiki, na kwenye akaunti ya nani. Ukikuta kijana wako naye ni mwenye huruma, iondoe.